"Pumzika mzee" inawamaliza wazee wetu

Wiki iliyopita lifti ya jengo tunalofanyia kazi iliharibika. Chumba chetu cha habari kiko ghorofa ya nne. Nilifika mezani nahema kama mtu aliyekimbizwa na mbwa, na mhariri wangu, ambaye hana mswalie Mtume likija suala la kutania watu, akaniuliza kama nimekuja kuandika habari au kuandikiwa tanzia. Nilicheka na wenzangu, lakini moyoni niliona aibu. Nina miaka 27 tu.

Usiku ule nikaitafuta tena video ya bibi mmoja wa Kijerumani anayeitwa Johanna Quaas. Ilirekodiwa mjini Cottbus mwezi Machi 2012, na wengi wenu huenda mmeiona, maana imezunguka dunia nzima. Bibi ana nywele nyeupe na kivazi cha kijani cha jimnastiki. Anajiviringisha mbele na nyuma, anasimama kichwa chini miguu juu, anapiga gurudumu kama watoto wetu wanavyopiga ufukweni Coco. Kisha anashika vyuma viwili sambamba, anajirusha na kujibeba kwa mikono yake mwenyewe. Wakati huo alikuwa na miaka 86! Mwezi uliofuata, huko Roma, Guinness wakamtambua kuwa mwanajimnastiki mwenye umri mkubwa kuliko wote duniani ambaye bado anashindana.

Huyu hakuwa nyota wa Olimpiki aliyekula bata kwa jina lake. Alikuwa mwalimu wa michezo. Alizaliwa Novemba 20, 1925 katika mji mdogo wa Hohenmölsen, akaanza jimnastiki akiwa mtoto, vita ikaja ikavuruga kila kitu. Baada ya vita mchezo wake ukapigwa marufuku kwa muda nchini mwake, naye hakukaa akilia. Alihamia mpira wa mikono, na mwaka 1954 alikuwa kwenye timu iliyotwaa ubingwa wa Ujerumani Mashariki. Akafundisha, akanoa vijana, akaolewa, akalea mabinti watatu.

Sasa hapa ndipo ninapowataka mnisikilize vizuri, wasomaji wangu. Mama huyu alirudi kwenye mashindano, ya watu wa rika lake, akiwa anakaribia miaka 60. Kwetu Tanzania, miaka 60 ndiyo umri ambao mtumishi wa umma anastaafu kwa lazima. Pale sisi tunapomkabidhi mtu cheti, kitenge na picha ya pamoja, yeye ndipo alipovaa upya nguo za michezo.

Kwa nini jambo hili limenigusa? Kwa sababu nyumbani kwetu tumefanya kinyume chake, na mimi ni mmoja wa waliofanya.

Baba alistaafu miaka minne iliyopita. Maisha yake yote ya kazi alikwenda ofisini kwa miguu, na Jumamosi alikuwa shambani na jembe lake. Sisi watoto tukakaa kikao, kwa mapenzi kabisa, tukamwambia, "Mzee umehangaika vya kutosha, sasa pumzika." Shamba tukamkabidhi kibarua. Tukamnunulia kochi na king'amuzi. Akitaka kwenda dukani, tunampigia simu kijana wa bodaboda. Tulijiona watoto wema kweli kweli.

Mwezi uliopita baba alijikwaa kwenye kizingiti akaanguka. Hakuvunjika popote, namshukuru Mungu. Lakini alishindwa kuinuka. Alikaa pale chini hadi jirani alipopita. Baba yangu, ambaye nilipokuwa darasa la pili alinibeba mgongoni kutoka hospitali! Haumwi ugonjwa wowote wa kutisha. Amekaa tu, na miguu imesahau kazi yake.

Wataalamu wanasema misuli huanza kupungua taratibu kuanzia miaka ya 30 na kitu, na mtu akikaa bila kuitumia hupungua kwa kasi zaidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka hata waliovuka miaka 65 wafanye mazoezi ya wastani, kama kutembea haraka, angalau dakika 150 kwa wiki, na siku tatu au zaidi wafanye mazoezi ya kuimarisha mizani ya mwili na nguvu. Hakuna mahali wameandika "mnunulieni kochi".

Najua wapo watakaoniambia, "Wewe kijana, huyo bibi ni Mzungu, ana pensheni nzuri na hospitali jirani, na sisi wazee wetu wamelima hadi migongo imepinda." Nakubali. Kumtoa mzee kwenye kazi ya suluba ni haki yake. Na simwambii baba wa mtu apige gurudumu kesho asubuhi, wengine wana moyo au magoti ya kuangaliwa na daktari kwanza. Ninachokataa ni kuchanganya kumpunguzia mzee mzigo na kumnyang'anya mwendo.

Na tusijifanye tatizo linaanza uzeeni. Shuleni tulikimbia mchakamchaka alfajiri, tukaona ni adhabu. Kipindi cha michezo kilikuwa cha kwanza kumegwa mtihani ukikaribia, na mwalimu wa michezo tulimchukulia kama mtu wa kutunza mipira. Kumbe ndiye alikuwa anatufundisha somo ambalo tungelihitaji hadi siku ya mwisho. Matokeo yake ndiyo hayo, ngazi za ghorofa nne zinanitoa jasho.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Nilimwomba baba anisindikize sokoni kwa miguu. Mama alinitazama kama mtu niliyepungukiwa adabu, lakini mzee alikuwa ameshaanza kutafuta viatu vyake. Njiani tulipumzika mara mbili. Mara moja kwa ajili yake, mara moja kwa ajili yangu. Jumamosi ijayo tunakwenda tena, na ameniambia nije na viatu vya maana.

Naomba kuwasilisha.