Nani Hulipa Ndagu?

Ndugu zangu wa Dodoma, Singida na nyanda zote za kati, leo nina neno nanyi juu ya ndagu. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya Kanda ya Ziwa, sisi huku hayatuhusu. Msijidanganye. Mwaka 2024 polisi walifukua miili ya watu kadhaa mkoani Singida na wilayani Chemba, humu humu mkoani Dodoma, na aliyeshikwa kwa tuhuma za mauaji hayo alikuwa mganga wa kienyeji.

Habari ya ndagu kila mtu ameisikia. Mtu amechoshwa na umaskini, anakwenda kwa mtaalamu. Mtaalamu anaita jini, au anasema ameita. Jini anakubali kuleta mali, ila ana masharti yake: huyu asinyoe nywele, yule asilale kitandani, mwingine atoe kichwa kila mwaka. Kichwa chenyewe ni cha mtoto wake, au mama yake, au mtu baki asiye na mtetezi. Na maadamu anatoa, yeye mwenyewe hataguswa. Hapo ndipo penye shina la jambo. Huyu hatafuti fedha tu. Anatafuta kutokufa, kifo kimpite mlangoni kiingie nyumba ya pili.

Tamaa hiyo ni kongwe. Qin Shi Huang, mfalme aliyeiunganisha China, alitafuta dawa ya kutokufa hadi akafa mwaka 210 kabla ya Kristo, akiwa na umri wa miaka 49, na inasimuliwa kuwa kilichomuua ni vidonge vya zebaki, dawa ile ile aliyopewa ili aishi milele. Wajerumani nao wana kisa cha Daktari Faust, kilichochapwa Frankfurt mwaka 1587: msomi aliyeandikiana mkataba na ibilisi, akatumikiwa miaka 24, kisha ibilisi akaja kuchukua chake.   

Lakini tazameni tofauti. Faust alitia saini kwa damu yake mwenyewe, na siku ya malipo aliyechukuliwa ni yeye. Alikuwa mpumbavu, naam, ila deni lake alilibeba. Mtu wa ndagu anatia saini kwa damu ya mwenzake. Mwaka huo huo wa 2024, huko Muleba, mtoto mwenye ualbino ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka mitatu alichukuliwa nyumbani kwao akauawa, na kati ya walioshtakiwa alikuwemo baba yake mzazi. Mahakama ndiyo yenye kuhukumu, mimi simhukumu mtu. Nasema tu kwamba katika mapatano ya namna hii anayelipa hakuitwa barazani, wala hakuulizwa.

Mtanijibu: mbona fulani alikwenda kwa mganga na leo ana magari? Haya, tumtazame huyo fulani. Ana karasha machimboni, na kila anayesaga mawe yake humlipa. Hununua alizeti wakati wa mavuno, mkulima akiwa na shida ya ada ya shule, akaiweka ghalani mpaka bei ipande. Mali yake ina maelezo, na mengine si mazuri sana, lakini hayahitaji jini. Tena uvumi wa ndagu unamfaa: tukishamwogopa, nani atamuuliza habari ya mizani yake? Wakati huo huo mjane wa Hombolo aliyetunza zabibu zake akavuna mara mbili kwa mwaka, naye tunamnong'ona kuwa ana misukule inayolima usiku. Imani moja inamkinga mjanja na kumchafua mchapakazi. Na wale waliouza ng'ombe wote wakampa mganga, wakabaki na hirizi, hao hamsikii habari zao, maana wanaona haya kusema.

Mkitaka kumwona shetani wa machimbo, sitawapeleka porini usiku. Nendeni mchana mahali wachimbaji wadogo wanapokamatia dhahabu kwa zebaki, kisha wakaichoma, mara nyingine kwenye kikaango, uani, watoto wakicheza pembeni. Ule mvuke hauonekani, nao huharibu ubongo na figo, na humfikia hata mtoto aliye tumboni. Kitu kile kile cha mfalme wa China! Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Kijana anayetumia laki mbili kwa kafara ya kuku mweusi angenunua chombo cha kunasia mvuke, naye angeishi zaidi. Hiyo ndiyo dawa ya maisha marefu ninayoijua mimi.

Serikali haikukaa kimya. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga, na mwezi huo huo akatokwa machozi Bungeni, hapa hapa Dodoma, kwa ajili ya mauaji ya watu wenye ualbino. Januari 2015 marufuku ikatolewa tena. Marufuku inayorudiwa ni ushahidi kwamba ya kwanza haikushika. Haikushika kwa sababu mteja hakuguswa, na wateja wengine ni wakubwa. Kila uchaguzi unapokaribia watetezi wa watu wenye ualbino hutoa tahadhari. Kwa nini uchaguzi? Mkulima wa uwele wa Bahi hagombei ubunge.

Basi nawaomba. Ninyi waganga wa mitishamba, mliosajiliwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, mnawajua wapiga ramli chonganishi kwa majina. Msiwafiche kwa udugu wa kazi. Nanyi wahubiri, acheni kusimulia majini ya utajiri kila ibada kisha mkauza mafuta ya kuyafukuza, maana mnamtangazia mganga biashara bure. Wenyeviti wa vijiji, mgeni akitundika kibao cha kusafisha nyota, mwiteni mbele ya mkutano aonyeshe cheti chake. Na wewe kijana, ukishatajiwa masharti yenye uhai wa mtu ndani yake, usijibu ndiyo wala hapana. Aga kwa adabu, nenda moja kwa moja kituo cha polisi, useme ni nani, yuko wapi, na ni mtoto wa nani aliyetajwa.