Maada ya giza: jina si jibu





Siku hizi hufundishwa kwamba maada ya kawaida ni kiasi cha asilimia 5 tu ya ulimwengu, na kwamba asilimia 27 hivi ni maada ya giza, yaani isiyotoa mwanga wala kuuzuia. Sehemu inayobaki huitwa nishati ya giza. Hesabu hizo zimepatikana kwa kazi kubwa, wala sizibezi. Ninachopinga ni mtindo wa kumkaririsha mtoto kana kwamba maada hiyo imekwisha kushikwa na kuwekwa kwenye mzani.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky aliona kwamba galaksi za kundi la Coma zinakwenda kasi mno. Uzito unaoonekana usingetosha kuzizuia zisitawanyike. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walipima galaksi ya Andromeda, wakakuta sehemu za pembezoni hazipunguzi mwendo kama ilivyotazamiwa kwa kanuni ya Newton.

Hesabu ikikataa namna hiyo, njia ni mbili: ama kuna kitu hakijaonekana, ama kanuni yenyewe ina upungufu. Na historia inatuonyesha kwamba yote mawili yamewahi kutokea, tena kwa mtu mmoja. Mfaransa Le Verrier aliona sayari ya Uranus inakwenda kombo, akasema ipo sayari nyingine inayoivuta. Mwaka 1846 ikaonekana kweli, nayo ni Neptune. Mwaka 1859 akatumia fikra hiyo hiyo kwa Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua. Sayari aliyoidhania ikapewa hata jina, Vulcan, lakini haikuonekana kamwe. Mwaka 1915 Einstein alieleza mwendo wa Utaridi kwa nadharia mpya ya uvutano, bila kuhitaji sayari yoyote ya ziada.

Ndivyo ubishi ulivyo leo. Wataalamu wengi wanashika upande wa maada ya giza, na wana hoja nzito. Mwaka 2006 walionyesha makundi mawili ya galaksi yaliyogongana: gesi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maada inayoonekana, ilibaki nyuma, na uvutano mkubwa ukaonekana mahali pengine. Upande wa pili, Mordehai Milgrom wa Israeli alitoa rai mwaka 1983 kwamba mahali uvutano ulipo hafifu sana, kanuni ya Newton ibadilishwe. Rai yake inaeleza vizuri mwendo wa galaksi nyingi, ila inapwaya kwenye makundi ya galaksi. Na vyombo vilivyofukiwa chini kabisa ya ardhi kuitega maada hiyo bado havijainasa.

Kwa maoni yangu, upande wa maada ya giza una nguvu zaidi kwa sasa. Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima hawezi kujaza mtungi kwa mawingu.

Wapo watakaosema kwamba kama wataalamu wenyewe wanabishana, basi sayansi ni kubahatisha. Hao wanakosea. Anayebahatisha hakubali kupimwa. Hawa wanapimana kila siku na kuonyeshana makosa.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tuwaeleze watoto pande zote mbili, na kila upande unashindwa wapi. Mtoto aliyekariri asilimia 27 atajibu swali moja la mtihani. Aliyeelewa ubishi huu atajua kuuliza, na huenda siku moja jibu likatoka kwake. Kitendawili hiki bado hakijateguliwa, na hatujatoa mji.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Singida.