Pano haijakufa, aliyekufa ni batiri

Mwezi uliopita nilifika kwenye koperative moja ya walimaji wa kahawa katika teritware ya Kalehe. Nikakuta pano nne za jua zimeshushwa toka juu ya depo, zimeegemezwa ukutani, na mfanyabiashara anazingojea. Bei walikuwa wamekwisha kusikilizana: dola 15 kila moja. Nikauliza kwa nini. Mama mtunza sanduku akanijibu: «Baba, hizi zimezeeka. Tangu 2017 ziko juu. Sasa saa mbili ya usiku taa inazimika, hata simu tano hazijai.»

Hapo sisi watu wa miradi tuko na kosa, na ninalisema wazi. Siku ya kukabidhi, mmoja wetu alisimama mbele ya watu akasema: «Hii itawapa umeme miaka 25.» Ile miaka 25 ni ya pano peke yake. Batiri iko na miaka yake, rigilatere pia iko na yake, lakini hilo hakuna aliyelisema. Watu walisikia miaka 25 ya mwangaza. Giza liliporudi, wakaanza kuhukumu kile kinachoonekana juu ya bati.

Ni kweli pano inazeeka, lakini polepole sana. Pano nzuri ya silikoni, zile za rangi ya bluu ao nyeusi, inapoteza karibu nusu ya kipande kimoja kwa mia kila mwaka. Ikiwa ya hali ya chini ao imefungwa vibaya, inaweza kupoteza kimoja kwa mia, hata zaidi. Tufanye hesabu kwa ile mbaya: pano ya wati 100, baada ya miaka 10, inabaki na wati kama 90. Kwa hizo 90 taa za depo zinawaka bila shida. Viwanda vingi vinaahidi kwamba kwa mwaka wa 25 pano itakuwa bado inatoa 80 kwa mia ya nguvu yake ya kwanza.

Batiri ya risasi ni mambo mengine. Ikichungwa vizuri itaishi miaka 3 mpaka 5. Ile ya gari, ambayo wengi wananunua juu ya bei, mara nyingi haifiki hata miwili, kwa maana haikutengenezwa kwa kazi ya kutoa umeme usiku kucha. Kinachoua batiri ni kuimaliza. Ukiishusha chini ya nusu kila siku, unakata maisha yake. Na kwenye depo zetu, siku ya mechi ya mpira, nani anazima televizyo kabla ya dakika 90?

Basi tuliita fundi wa simu wa pale senta, na multimetre yake. Saa sita mchana, jua kali, tukapima ampere ya kila pano, tukalinganisha na ile iliyoandikwa nyuma yake, kwenye Isc. Iliandikwa 6,1. Ya kwanza ikatoa 4,6. Watu wakanitazama. Nikaomba maji na kitambaa laini, tukatoa vumbi la barabara na mavi ya ndege, tukapima tena: 5,7. Mbili nyingine zikatoa karibu sawasawa na hiyo. Ya nne ndiyo ilikuwa mgonjwa kweli: kioo kimepasuka, maji yameingia, nyuzi za ndani zimegeuka kahawia, ikatoa nusu tu. Kipimo cha namna hii hakiko cha maabara, lakini kinatosha kumjibu mfanyabiashara. Yeye nafikiri alijua.

Wakati wa kuzirudisha juu tuliinua mbao ili kiganja kipite kati ya bati na pano. Joto linakula umeme: kila digri moja juu ya 25, pano inapunguza karibu 0,4 kwa mia, na ile iliyolalia bati mchana inaweza kupita digri 60. Tulikata pia majani ya mgomba uliokuwa umekua upande wa asubuhi. Kivuli cha jani moja kinaweza kuangusha kazi ya pano nzima, maana vipande vyake vimefungwa kimoja nyuma ya kingine, kama watu wanaopokezana ndoo: mmoja akichelewa, wote wanachelewa.

Inabaki feza ya batiri. Wengine wataniambia kahawa inalipa kwa msimu, na karo ya watoto haingoji. Najua. Lakini tuseme batiri inauzwa dola 180 na itaishi miaka 3: ni dola 5 kwa mwezi. Depo ile inajaza simu kwa franka 500. Dola ikiwa franka 2.800, simu 28 kwa mwezi zinatosha, ni kusema hata moja kwa siku haifiki. Feza hiyo iwekwe pembeni, iandikwe katika kitabu chake, na komite isiikopeshe mtu, hata prezida. Na sisi wa miradi, maoni yangu ni haya: tusikabidhi tena pano hata moja kabla koperative haijafungua kitabu hicho na kutuonyesha ukurasa wa kwanza.

Ile batiri ya zamani nilikuta wameitupa nyuma ya depo, karibu na mboga. Risasi na asidi yake vinaharibu udongo na kudhuru watoto. Tuliitoa siku ileile, tukaiweka wima ndani ya beseni la plastiki, mahali pakavu penye kufuli, ingojee kubebwa mjini kwa wanunuzi wa batiri za zamani. Bei yake itaingia kama feza ya kwanza katika kitabu kipya.