Kosa si la Kuku, Kosa ni la Lundo



Katika mkutano wetu uliopita yalizuka maneno makali juu ya mabanda ya kuku. Baadhi ya wenzetu walitaka mabanda yote yaliyo karibu na visima yaondolewe. Wenye kuku wakajibu kuwa mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka, na mwaka inapopumzika, kuku ndio wanaolipia daftari za watoto na kununua unga. Sisi twaona kila upande una haki yake. Kosa si la kuku. Kosa ni la lundo la kinyesi kibichi linaloachwa wazi nyuma ya banda mpaka masika yakalikuta.

Kisiwa chetu ni cha vilima na mabonde. Kinachomwagwa juu penye mikarafuu hushuka kwenye mpunga na visima vya bondeni, kikaishia mikokoni. Naitreti itokayo katika kinyesi haina rangi wala ladha, na kuchemsha maji hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 kwa lita moja ya maji ya kunywa, kwani ikizidi huwadhuru hasa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo: damu yao hushindwa kuchukua hewa. Basi jambo hili si la harufu tu, ni la haki ya jirani.

Lipo pia suala la faida. Ile harufu inayochoma macho ni amonia, nayo ina naitrojeni ile ile inayohitajiwa na miti yetu. Mwenye banda akiinusa, ananusa mbolea yake ikienda zake angani. Na kuku waishio ndani yake huugua macho na kifua. Wengi hunyunyiza majivu au chokaa ili kuua harufu. Nia ni njema, lakini kinyesi kikiwa na unyevu vitu hivyo huzidi kuifukuza amonia. Kinachoizuia ni kitu chenye uchachu. Huko Arkansas, Marekani, wataalamu walionyesha katika miaka ya 1990 kuwa shabu, ya jinsi ile inayosafishia maji, ikitiwa katika matandiko ya kuku hupunguza amonia na kuishika fosforasi isichukuliwe na mvua.

Hatumwambii mwanachama akanunue magunia ya shabu. Yaliyo karibu na mkono yafanywe kwanza. Pumba za mpunga au maranda ya bandani yawe makavu, na vyombo vya maji visivuje. Lundo liwekwe mbali na kisima, wala lisiwe upande wa juu yake. Chini pashindiliwe udongo, juu pafunikwe vizuri. Kinyesi kipangwe tabaka kwa tabaka na majani makavu, kiwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, na kipinduliwe kila wiki. Ndani kitapata joto lisilovumilika mkononi. Kikishapoa, kikawa cheusi na kunukia udongo, ndipo kipelekwe shambani. Kibichi huunguza mizizi. Katika kitalu cha chama tulipoteza miche kwa pupa hiyo, na lawama ilikuwa yetu wenyewe.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: mkutano ujao usiwafukuze kuku, bali upige marufuku lundo la wazi. Tena kila tawi lijenge banda moja la mbolea, ili mwanachama asiye na nafasi alete kinyesi chake na arudishiwe mbolea iliyoiva. Gharama yake ni miti, makuti na siku chache za kazi ya pamoja. Asiyekubaliana nasi na aje mkutanoni aseme wazi, tumsikilize. Lakini tusingoje masika mengine yatupite tukiwa bado tunabishana.

Katibu wa Chama