Michoro ya Ukutani Isimulie Historia ya Bagamoyo Bila Kuharibu Kuta Zake

Na Mwandishi Wetu

Mwaka 1982 wakazi wa Chemainus, mji mdogo wa pwani nchini Kanada uliotegemea kiwanda cha mbao, walianza kuchora historia yao kwenye kuta za mji. Mwaka uliofuata kiwanda hicho kilifungwa, lakini mji haukufa, kwa kuwa michoro hiyo iliwavuta watalii na kufungua njia mpya za kipato.

Hapa nchini, mji wenye sifa za kufuata njia hiyo ni Bagamoyo. Ulikuwa kituo cha mwisho cha misafara ya watumwa na pembe za ndovu iliyotoka Ujiji kupitia Tabora, na makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891 yalipohamishiwa Dar es Salaam. Aidha, mjini humo ndipo ilipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), ambayo chimbuko lake ni Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981. Historia ipo, na wa kuichora wapo.

Hata hivyo, swali la msingi ni ukuta upi uchorwe. Majengo ya kale ya Bagamoyo yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa aina hiyo hunyonya unyevu wa ardhini na wa hewa ya bahari, kisha huutoa taratibu kupitia lipu ya chokaa. Ukipakwa rangi ya plastiki au ya mafuta, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya rangi, lipu hubanduka na mawe huanza kumomonyoka. Hivyo, mchoro uliokusudiwa kulienzi jengo unaweza kuliangamiza.

Ikumbukwe kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na inampa Waziri mamlaka ya kuyatangaza mengine kuwa kumbukumbu. Ni busara, basi, michoro ikaelekezwa kwenye kuta za saruji za shule, masoko, vituo vya mabasi na uzio wa ofisi za umma, na magofu yakaachwa yajisimulie yenyewe.

Suala la pili ni kinachochorwa. Jahazi na mlango wa nakshi hupendeza macho, lakini mwaka 2006 Bagamoyo iliingizwa katika orodha ya awali ya UNESCO ikiwa sehemu ya Njia Kuu ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu. Minyororo na wapagazi wa Kinyamwezi wana haki ya kuonekana ukutani. Vivyo hivyo Chuma na Susi, ambao pamoja na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kutoka bara hadi kuufikisha Bagamoyo mwaka 1874. Wachoraji wanapaswa kukaa na wazee wa mji na wataalamu wa mambo ya kale kabla ya kushika brashi.

Somo hili haliishii pwani. Kanda ya Ziwa ina mizizi yake katika sanaa hii: mwaka 1953 Hans Cory alichapisha kitabu kuhusu michoro ambayo wacheza nyoka wa Usukuma waliichora kwenye kuta za nyumba zao za jando la chama. Kuta za shule nyingi nchini tayari zina ramani ya Afrika na ya Tanzania. Sasa ambapo somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa, mwanafunzi wa Ringwani wilayani Serengeti, ambaye huenda hajaiona bahari, anaweza kuufuata msafara wa Ujiji hadi Bagamoyo kwenye ukuta wa darasa lake, na pembeni yake akaisoma historia ya wazee wa Mara.

Ukuta wa saruji ukichakaa hupigwa lipu na kuchorwa upya. Ukuta wa matumbawe wa Bagamoyo ukianguka, hakuna mchoro utakaourudisha.