Bunduki Ina Jina, Msoma Nyayo Hana

Nimekisoma tena Green Hills of Africa cha Hemingway, kitabu cha 1935 kuhusu safari yake ya kuwinda Tanganyika, na nimekasirika upya. Bunduki inatajwa kwa jina lake halisi: Springfield. Wasoma nyayo je? Mmoja kabandikwa “Droopy”, mwingine “Garrick”, jina la mwigizaji wa Kiingereza, eti kwa sababu ya mbwembwe zake. Mama zao waliwaitaje? Hatuambiwi. Najua mtanijibu kwamba M'Cola yumo, tena kaandikwa kwa kirefu. Sawa, huyo mmoja. Lakini jamani, tandala haonwi na bunduki! Anaonwa na mtu anayejua kusoma majani yaliyolala. Springfield ile naweza kuitafuta leo nikajua hata ilikotengenezwa. Garrick nikamtafute wapi?