Istilahi za Pandikizi la Jino Zitoke kwa Fundi

Fundi wa Kinanie, jirani ya viwanda vya saruji vya Athi River, hapigi plasta juu ya zege lililo laini. Kwanza huligongagonga ili likwaruzike, ndipo plasta ishike. Maarifa hayo hayo hutumika katika pandikizi la jino. Tangu mwaka 1965, Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alipomwekea mgonjwa wa kwanza pandikizi la titani, imejulikana kwamba mfupa wa taya waweza kushikamana na kitu kigeni. Zirkonia, kauri nyeupe yenye kufanana na jino, ina tatizo lake: ikiwa laini mno, seli zijengazo mfupa haziishiki vyema. Kwa hiyo hupigwa chembechembe ngumu kwa kasi, au huchomwa kwa asidi, hata uso wake uwe na mparuzo wa mikromita 1 hadi 2 hivi. Upigaji ukizidi, kauri huweza kuingia nyufa.

Wapo wenzetu wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kulieleza jambo hili. Kinaweza, uvivu ndio uliotuzidi. Kamusi ya TUKI ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitoka mwaka 1990, na hadi leo mgonjwa hutia sahihi fomu ya ridhaa asiyoielewa, kisha akatobolewa taya. (Gharama yenyewe si haba, walau ajue anunuacho.) Waundaji wa istilahi watoke maktabani waende kwenye mijengo. Daktari akisema kwamba pandikizi limekwaruzwa ili mfupa ulishike, mgonjwa ataweza kuuliza: limekwaruzwa kiasi gani, nao mfupa utalishika baada ya muda gani?